Vigae vya Wexmoor

Verdell Gadsden alilipa kiingilio cha Wexmoor, shamba la zamani la watumwa lililogeuzwa kivutio, kama watalii wengine, akabandikwa kibandiko cha kijani kifuani, na hakuona uchungu wowote. Hilo ndilo lililomshangaza. Mkobani alikuwa na kikombe ambacho mama yake alinywea chai ya mwisho kabla ya kukata roho, pamoja na agizo moja: "Nipelekee hiki kwa mama yangu."

Bibi alizikwa Wexmoor, nyuma ya vibanda vya watumwa, pamoja na waliomzaa. Kwao kaburi halikuwekwa jiwe. Liliwekwa sahani na vikombe vya marehemu, vikavunjwa papo hapo ili kifo kisirudi kumchukua mwingine wa nyumba hiyo.

"Shangazi, ni hapa kweli?" aliuliza Keziah, binti wa kaka yake.

Palikuwa na vichaka vya maua ya azalia tupu, vimekatwa sawasawa kama kichwa cha bwana harusi.

"Mngepaona zamani!" alisema Bi Lorraine, mama wa Kizungu aliyewatembeza, mchangamfu kupita kiasi. "Palikuwa jaa. Tulizoa ndoo arobaini za vyombo vilivyovunjika. Nadhani walikuwa wakimaliza kula wanatupa hapo hapo!"

Watalii wakacheka.

"Vyombo vyenyewe mlivipeleka wapi?" Verdell aliuliza.

"Hatukupoteza kitu, mpenzi. Tulivisaga tukamwaga kwenye hii njia mnayokanyaga. Si inapendeza?"

"Na makaburi?"

"Ya familia yenye shamba yapo kule, ndani ya uzio wa chuma."

"Ya watu wangu."

"Huku hatukukuta kaburi. Hapakuwa na hata jiwe moja."

Keziah alimshika mkono. "Shangazi, sema kitu, jamani."

Verdell alilitafuta chozi, akalikosa. Akatoa kikombe, akakigonga kwenye tofali la ukingo, akavipanga vipande chini ya azalia, kimoja kimoja, kama anayeandaa meza.

"Pole, kimekuponyoka!" Bi Lorraine alikuwa ameshainama. "Ngoja nivizoe, mtu asije akajikata."

"Usiguse," Verdell alisema, bila kupandisha sauti. "Hicho ni cha mama yangu. Na hapa amelala mama yake."

Mkono wa Bi Lorraine ulibaki hewani. Akaitazama ile njia nyeupe. Mtalii mmoja akasogea taratibu mpaka kwenye nyasi, mwingine akamfuata, mpaka njiani wakabaki Bi Lorraine, Verdell na Keziah tu.

Keziah alichuchumaa kando ya vile vipande, akalia kwa kwikwi. Verdell alisimama akimtazama, akamwonea wivu.