Mwanga Ulifika Kwanza

Kioo kilikuwa cha kabati la nguo. Mzee Stanislas Kapya alikifungua skrubu jioni ya Ijumaa, mkewe Emérance akiwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Na siku ya misa nitajiangalia wapi? Mu maji ya sufuria?"

"Utajiangalia mu macho yangu."

"Macho yako iko na mawingu sawa Kambove mu mvua. Chukua. Kikivunjika, usirudie hapa."

Hivyo Jumamosi asubuhi akakipandisha mlimani kikiwa kimefungwa ndani ya shuka, akikikumbatia kama mtu anayehamisha mgonjwa.

Ilikuwa mwaka ule nchi ilipobadilisha jina. Majina yalibadilika, mishahara ilibaki palepale, yaani haikuwepo. Stanislas alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kuchenjua madini tangu ujana wake, na kila zamu ilipoisha alinawa mikono, akavaa shati safi, akaenda shule ya jioni kukaa dawati moja na watu wa umri wa wadogo zake. Cheti chake kilining'inia sebuleni, juu kuliko picha ya harusi. Kiwanda kiliponyamaza, yeye hakunyamaza. Alifungua darasa lake mwenyewe katika ukumbi wa parokia, bila malipo, kwa watu wazima waliotaka kujua mambo. Muhula ule alifundisha mwanga.

Clémentine, muuza unga sokoni, ndiye aliyemletea taabu. "Mwalimu, kama mwanga inatembea, sababu gani sijaiona ata siku moja njiani?" Darasa lilicheka. Stanislas hakucheka. Swali zuri lilimkosesha usingizi kuliko njaa.

Sasa Clémentine alikuwa amesimama juu ya mlima wa pili, ng'ambo ya machimbo ya zamani katika njia ya Kambove, akiwa na kioo alichoazima saluni kwa dada yake. Agizo lilikuwa jepesi: ukiona mwanga wangu, nijibu kwa wako papo hapo. Kati ya milima hiyo miwili lilikuwa shimo kubwa la machimbo, ngazi kwa ngazi, na chini kabisa, wadogo kama siafu, wachimbaji wa magendo walikuwa wakijaza magunia.

Mmoja wao alikuwa Ghislain, kitinda mimba wake. Stanislas asingekubali kwamba alichagua mlima ule kwa ajili hiyo. Tangu Pasaka walikuwa hawasemezani. Siku hiyo alimwambia kijana mbele ya wageni kwamba hakusoma usiku miaka yote ile ili azae panya wa mashimo. Ghislain akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba panya ndiye aliyeleta mchele uliokuwa mezani, akachukua blanketi lake akaondoka. Sasa baba yake alilitambua shati la njano hata kutoka juu kule, akaliangalia kwa kitambo, kisha akainua uso kana kwamba alikuwa anapima jua.

Théodore, rafiki wa Stanislas, alikaa juu ya jiwe kando yake. Théodore alikuwa mkuu wa walipuaji baruti katika machimbo yaleyale enzi za kazi, na sasa alikuwa mzee wa kanisa la maombi. Alikuja kucheka, na hakuficha.

"Nuru Mungu aliiumba siku ya kwanza. Haikungojea treni. Weye unataka kuiuliza ilitoka saa ngapi."

"Nataka kujua inatembea namna gani. Kuuliza haina zambi."

"Haina zambi. Iko na jua kali tu, na minye sikukunywa chai."

Stanislas akafunua kioo. Mwanga ukaruka bonde, na mara ng'ambo ya pili nyota ndogo ikawaka na kuzimika. Akarudia. Clémentine akajibu. Kila mara palikuwa na kuchelewa kidogo, na kila mara ulikuwa muda uleule walioupata juma lililopita walipojaribu kwa vioo vya kuazima, wakiwa wamesimama kwenye pembe mbili za uwanja wa parokia.

"Unaona?" Stanislas alisema, naye alikuwa amefurahi. "Kule karibu na huku mbali, ni sawasawa. Si mwanga njo inachelewa. Ni mukono ya Clémentine. Mwitaliano mumoja wa zamani alifanya hivi na taa, akashindwa vilevile."

"Sasa umebeba kabati ya bibi yako mupaka huku kusudi ushindwe."

"Kusudi nijue ginsi walishindwa. Sikiliza."

Akamweleza habari za Römer, Mdenmark aliyekaa Paris akichungulia sayari ya Mshtarii. Sayari ile ina mwezi unaoizunguka na kuingia kivulini mwake kwa ratiba isiyokosea, kama zamu za kiwanda enzi za nidhamu. Lakini dunia yetu ilipokuwa ikienda mbali na Mshtarii, mwezi ulianza kuchelewa, dakika juu ya dakika, na dunia ilipokaribia ukawahi. Wengine walisema hesabu zimekosewa. Römer akasema hapana.

"Mwezi haukuchelewa," Stanislas alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha darasani. "Habari yake ndiyo iliyochelewa. Mwanga ulikuwa njiani."

Théodore alisugua kidevu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha tayari. "Na mbio yake?"

"Mfaransa mumoja njo alipima bila kutoka duniani. Alifanya gurudumu ya meno, sawa gia ya mashine. Mwanga inapita mu nafasi ya meno mbili, inaenda ku kioo ya mbali, kilometa nane, inarudia. Akazungusha gurudumu mbio, mbio, mupaka mwanga ikirudi inakuta jino imefunga mulango. Akipima mbio ya gurudumu, amejua mbio ya mwanga. Kilometa elfu mia tatu, mu sekunde moja."

"Elfu mia tatu," Théodore alirudia. "Kutoka hapa mupaka Mulungwishi, ni…"

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameganda ng'ambo ya shimo, chini ya mlima wa Clémentine.

"Stani. Ile kitambaa."

Kwenye ngazi ya juu ya machimbo, bendera nyekundu ilikuwa imepandishwa juu ya mti. Watu wanne wenye kofia ngumu walikuwa wakiondoka pale kwa hatua ndefu, mmoja akitazama nyuma. Walikuwa wa kampuni moja ndogo ya watu wa mbali, iliyofika majuma machache nyuma kubomoa ukuta wa machimbo chini ya mlima ule na kutafuta kilichobaki.

"Bamewasha baruti," Théodore alisema. "Njo vile tulikuwa tunatembea tukisha kuwasha."

"Na bale ba chini?"

"Habaone. Ukingo inabafichia. Na ba juu habaone ba chini."

Zamani, kabla ya kulipua, king'ora kililia mara tatu, na mji wote wa Likasi ulikijua. Akina mama waliondoa sahani kwenye rafu, mwalimu alinyamaza na chaki mkononi. Mtoto alijifunza king'ora kabla ya kujifunza salamu. Lakini wezi walikwisha kuifungua injini yake na kuuza nyaya zake za shaba, na kampuni mpya ilipandisha kitambaa tu. Waliokuwa chini walilelewa hivyo: pasipo king'ora hapana baruti. Walichimba huku masikio yao yakiwa yametulia.

Théodore alisimama akapiga kelele, mikono kinywani. Upepo uliirudisha sauti yake usoni kwake. Njia ya kushuka ilizunguka mlima mzima.

Ndipo Stanislas alipokumbuka alichokuwa amekishika. Akakigeuza kioo chini, akalitafuta shati la njano, akaulaza mwanga juu yake. Akautikisa. Kule chini vichwa viliinuka. "Bameona," alisema. "Théo, bameona." Akauvuta mwanga polepole kuelekea upande wa pili wa shimo, mbali na ukuta, kuwaonyesha pa kukimbilia.

Wachimbaji walikimbia, wote pamoja, kama walioamriwa na mtu mmoja. Walikimbilia ukutani. Kulikuwa na tundu pale chini, mlango wa shimo la pembeni, na mmoja mmoja wakazama ndani yake, shati la njano likiwa karibu la mwisho. Mtu mmoja tu alibaki nje. Alisimama kati ya magunia, akauelekeza uso kwenye mlima.

Msichana alikuwa akipanda mbio kutoka kichakani, sinia la karanga limeachwa nyuma. Stanislas alimfahamu kwa sura, Jenny, muuza karanga wa njiani.

"Papa, nani anapiga kiyoo?" Alikuwa anahema. "Bajeshi iko wapi? Minye sikuona mujeshi."

"Bajeshi gani?"

"Kiyoo njo bajeshi." Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kioo kidogo cha mviringo, cha kupakia poda. "Njo kazi yangu huku. Nikiona bajeshi banakuya kubafukuza, ninapiga kiyoo, bote banaingia mu shimo, banafunga mulango."

Stanislas alimwangalia kama mtu aliyesemeshwa lugha ya nchi nyingine. Alisikia maneno, moja moja.

"Baite batoke," Théodore alisema. "Alama ya kutoka ni gani?"

"Haina alama. Ninaendaka minye mwenyewe, ninagonga."

Ukipiga tena, watabaki. Usipopiga, watabaki. Stanislas aligeuza kioo kuelekea mlima wa pili, maana Clémentine alikuwa juu ya vichwa vya wale walipuaji, na sauti yake, iliyozoea soko, ingewafikia wakarudi kuizima baruti. Akammulika. Nyota ndogo ikajibu. Akamulika mara mbili, tatu, bila mpango, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Nyota ikajibu mara mbili, tatu. Clémentine alikuwa mwanafunzi mwangalifu, alifanya alichoambiwa. Mwanga ulikwenda na kurudi kwa ile mbio yake yote, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja.

Kisha ukuta wa machimbo ukavimba.

Ulivimba kimya. Vumbi jekundu lilipanda, mawe yaliondoka mahali pake na kuanguka polepole, na hakuna kilichosikika ila pumzi za Jenny. Stanislas aliona yote, akajua yote, na masikio yake yalikuwa bado hayajaambiwa. Muda ule mfupi kati ya mwanga na sauti alikuwa ameufundisha ubaoni mara nyingi, kwa radi, kwa nyundo ya fundi. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusimama ndani yake.

Mlio ukafika. Jenny akajishika kichwa.

Stanislas hakukumbuka baadaye walivyoshuka. Walipofika chini, watu wa kampuni walikuwa wamekwisha kufika, kofia mikononi, wakisema kwa Kifaransa kwamba hawakuona mtu, kwamba hapakuwa na mtu. Théodore akawapa maagizo kama zamani, nao wakamtii bila kuuliza yeye ni nani. Sakafu yote ya shimo, pale magunia yalipokuwa, ilifunikwa na mawe. Mlango wa tundu ulizibwa nusu tu. Walipoondoa jiwe la tatu, mtu alikohoa ndani.

Walitoka wakiwa wekundu kwa vumbi. Ghislain alitoka na damu sikioni, akaona baba yake amepiga magoti, vidole vimechubuka.

"Papa? Unatafuta nini huku?"

Stanislas alimshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

"Jenny, aksanti," Ghislain alisema. "Bila kiyoo yako tungekuwa hapa ku magunia." Akageuka kuhesabu wenzake kwa macho. "Glody iko wapi?"

Wenzake walitazamana, naye Ghislain akaendelea.

"Yule wa Kakanda, alianza kazi leo asubui. Nilimuvuta mukono. Akaniambia, ngoja nione ile kintu inaangaza ni nini." Akaangalia mawe. "Alikuwa anacheka."

"Si minye," Jenny alisema kwa sauti ndogo. "Minye sikupiga."

Théodore alijishughulisha na beleshi. Stanislas akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuingia darasani.

"Ni minye nilipiga. Nilitaka mutoke. Sikujua alama yenu."

Hasira ilikuja usoni mwa Ghislain, ikasimama pale, kisha ikaonekana haijui iende wapi, kwa sababu alikuwa hai.

Walichimba pamoja, baba na mwana. Walimpata Glody karibu na magunia. Mkono wake mmoja ulikuwa bado juu ya macho, kama wa mtu anayejikinga jua ili aone vizuri.

Ghislain akamvulia shati la njano, akamfunika uso.

"Mama yake iko Kakanda," alisema. "Kesho tutaenda, weye na minye."

"Tutamwambia nini?"

"Weye njo mwalimu. Weye njo utasema. Minye nitasimama pembeni yako."

Stanislas alifungua kinywa. Maneno yake yote aliyoyakusanya usiku baada ya usiku, zamu baada ya zamu, aliyatafuta, akaanza upya kuyatafuta, huku vumbi likishuka juu ya mabega yao.