Gumba la Klementina

Leo, kijana wa duka la simu, alipangusa kioo cha mashine ya alama za vidole kwa pamba yenye spiriti, akasema, "Mama, tujaribu tena." Klementina Luambano akaweka gumba la kulia kwa mara nyingine. Taa nyekundu ikawaka. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika hadi kwa muuza vitenge wa jirani, na hapo mtaani Majengo hakuna mwenye subira saa za mchana.

"Imegoma," Leo alisema. "Vidole vyako vyote havina mistari. Vimekuwa laini kama kijiko."

"Ni tumbaku," Klementina alijibu.

Ilikuwa kweli. Maisha yake yote alichuma tumbaku kule Namtumbo, akaikausha kwa moshi, akaipanga kwa madaraja, na jioni akasugua gundi yake mikononi kwa mchanga. Zamani haikumsumbua. Mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima alikuja na fedha kwenye begi, akaketi ghalani, akamlipa, maana alimjua kwa sura, kwa sauti na hata kwa kikohozi. Baadaye malipo yakahamia benki, na karani wa benki naye akamzoea. Halafu dirisha la karani huyo likafungwa, malipo yakaingia kwenye simu, na simu haimjui mtu kwa kikohozi. Lazima gumba lilingane na lile la kitambulisho cha taifa, alilolitoa enzi vidole bado vina mistari. Bila hivyo hakuna laini, na bila laini fedha ya msimu mzima inabaki hewani.

"Huna mtoto?" Leo aliuliza. "Tusajili kwa gumba lake. Wamama wengi wanafanya hivyo, ni dakika mbili tu."

"Ninaye, George, tena kijana mzuri sana. Lakini tumbaku nimelima mimi. Andika jina langu."

Leo akasema basi hana la kumsaidia. Klementina akafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akatoa jani la tumbaku la kahawia, linalonukia moshi. Mishipa yake haikunyooka kama ya majani mengine. Ilizunguka katikati, duara ndani ya duara, na pembeni palikuwa na kovu dogo la kisu. Akaweka gumba lake kando ya jani. Kovu lilikuwa palepale.

"Mistari yangu haijapotea," alisema. "Imehamia huku. Majani yote ya msimu huu yako hivi."

"Hili ni gumba la kulia?"

"La kulia. La kushoto lilitoka msimu uliopita, nikaliuza."

Leo akapangusa kioo, akalaza jani juu yake. Taa ya kijani ikawaka na jina likatokea. Mtu wa nyuma akauliza kama sasa foleni itasogea. Klementina akalisoma jina lake mara mbili, kwa sauti, kisha akatoka akitembea katikati ya barabara, na bodaboda zikampisha. Nani amlaumu? Kujiona kwa mtu aliyetoka jasho ni halali yake.

Makao makuu ya kampuni ya simu hayakubisha. Kwenye mfumo, chini ya kidole gumba, waliongeza neno "jani". Wiki iliyofuata dada wa huduma kwa wateja akampigia, kwa adabu kabisa.

"Mama, jani lako tumelikubali. Ila jani ni zao, na zao ni mali ya mwenye shamba. Shamba limeandikwa kwa jina la nani?"

Shamba lilikuwa kwa jina la George. Baba yake alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukaona iwe hivyo. Wakati huo Klementina alikuwa jikoni, akiwapikia wanakikao.

"Basi fedha tumeshaituma kwa George. Hongera kwa mavuno, mama."

Hayo ndiyo maendeleo yetu. Yamefuta begi la mhasibu na foleni ya benki, lakini kikao cha ukoo hayakukigusa.

George alizitoa fedha zote kwa wakala, akazileta nyumbani Mshangano bila kupungua hata shilingi. Shangazi yake, Adela, alikuwa ameketi uani, tayari kupiga vigelegele. George akapiga goti, akamnyooshea mama yake bahasha kwa mikono miwili.

Klementina akaipokea kwa mkono mmoja, kama mtu anavyopokea mzigo wake kwa kondakta wa basi.

"Wifi," Adela alisema, "mshukuru mtoto."

"Kwa lipi? Za kwangu hizi. Yeye kanibebea tu."

"Ni kweli, shangazi," George alisema, akainuka akijipangusa goti. "Nimebeba tu."

Klementina akaketi kwenye kiti chenye mgongo, kile cha marehemu mumewe, akazihesabu mbele yao wote, taratibu, kichwa juu.

Kesho yake alfajiri alirudi Namtumbo, kwenye shamba la George, kuandaa vitalu vya miche.