Mlango wa Nyuma Kushoto

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, mwaka 2006, saa mbili na robo asubuhi, Saeed aliingiza gari lake katika gereji moja ya Wadi Kabir, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa dishidashi, kanzu yake ya Kiarabu, na kuteremka. Injini iliendelea kunguruma. Alikwenda mpaka kivulini alipokuwa fundi Fidel, wakapeana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, na injini bado inanguruma.

"Haizimiki," Saeed alisema. "Leo siku ya nne. Kazini Al Khuwair naiacha hivyo hivyo mpaka nnapotoka. Walinzi wamenichoka."

Fidel alifungua boneti na kukandamiza kijiti kidogo ubavuni mwa pampu ya mafuta. Injini ikazima.

Lilikuwa gari la dizeli la Kijerumani, la mwaka themanini na tatu, ambalo Saeed alilirithi kwa baba yake. Fidel, Mkenya wa Kitale, alikuwa ameyatengeneza magari ya aina hiyo kwa miaka sita mfululizo katika gereji hiyo hiyo. Ndani ya magari hayo mna pampu inayonyonya hewa, na mirija myembamba inayopeleka mvuto huo kila mahali: mwingine huzima injini, mwingine husaidia gia, mwingine hufunga milango yote minne kwa mpigo mmoja. Mrija mmoja ukitoboka, vyote vinalegea. Kazi ni kulitafuta tundu, na mara nyingi tundu lenyewe halizidi ncha ya sindano.

"Na milango je?"

"Haijifungi tangu mwezi wa tatu. Mama anaogopa."

Saeed akaondoka kwa teksi. Fidel alichukua pampu yake ya mkono, ile yenye saa na mshale, akaanza kupima mrija mmoja mmoja. Wa injini ulishika. Wa giaboksi ulishika. Wa milango haukushika. Akaugawa tena: milango ya mbele ilikuwa mizima, wa nyuma kulia mzima. Alipofika wa nyuma kushoto, mshale ulipanda kidogo kisha ukarudi chini polepole.

Alibandua kava la mlango, akaona mpira wa ndani umechanika, akautia mwingine aliouchomoa kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji. Mshale ulirudi chini vile vile. Basi akakata kipande cha paipu, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha mlangoni, kama wafanyavyo mafundi wanapotafuta mluzi wa hewa.

Alisikia jogoo. Kisha akasikia mvua juu ya mabati, na mtoto wa kike akisoma kwa sauti, akikwama kwenye neno "ushirikiano" na kulirudia. Nje joto lilikuwa digrii arobaini na nne. Kutoka kwenye mrija ilitoka harufu ya udongo uliolowa. Fidel alitia koleo na kuvuta jani bichi la nepia, lile la kulishia ng'ombe, lina matone ya maji. Aliliweka juu ya boneti akaenda kumpigia Saeed simu. Aliporudi lilikuwa limekauka.

"Nimepata, bosi," alikuwa amemwambia. "Hewa inaingilia mlango wa nyuma, wa kushoto. Inatoka Kitale."

"Kitale ndiyo wapi?"

"Kenya, upande wa Uganda. Kwetu."

Saeed alifikiri. "Inazibika?"

"Inazibika. Lakini hapo huwa anakaa nani?"

"Mfanyakazi wetu. Yeye na mama hukaa nyuma."

"Basi kesho kuja nao. Lazima nipime akiwa amekaa."

Kesho yake walikuja watatu: Saeed, mama yake Bi Masouda aliyekuwa na pumu, na Maureen, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyebeba mkoba wa dawa za Bi Masouda. Maureen alipoketi kiti cha nyuma kushoto, mshale ulianguka mpaka sufuri. Aliposhuka, ulipanda robo. Fidel alimkalisha na kumshusha mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo.

"Dada, ni kwenu?" alimuuliza.

"Ni kwetu kabisa. Huyo anasoma ni msichana wangu." Maureen alisema hayo akitazama mikono yake. "Ilianza siku kandarasi yangu iliisha. Mara ya kwanza ilikuwa upepo tu. Siku hizi nasikia hata sufuria zikioshwa."

"Ako darasa la ngapi?"

"La tatu. Nilimwacha hajui kusoma."

Fidel alifuta mikono kwa kitambaa na kumgeukia Saeed. Alimweleza kuwa njia zilikuwa mbili. Angeweza kubadilisha mrija wote na kuziba kwa gundi, ingawa hakuwa na hakika gundi ingeshika. Au dada aende kwao, na tundu lingejifunga lenyewe.

"Paspoti yake ipo kabatini kwangu, haijapotea," Saeed alisema. "Nishaomba mtu mwengine, viza haijatoka. Mama hawezi kulala peke yake. Baada ya Idi tutaangalia."

"Uliniambia baada ya mitihani ya watoto," Maureen alisema.

"Kweli, nlisema."

Hakukuwa na ubishi. Saeed hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mshahara wa Maureen ulitoka kila mwezi, na akitoka safari alimletea kitambaa kama alivyowaletea dada zake. Fidel naye hakuendelea na suala hilo, maana pasipoti yake mwenyewe ilikuwa kwenye sefu ya arbab, yaani mwenye gereji, na ufunguo wa sefu hiyo hakuwahi kuuona.

"Usiizibe, mwanangu," Bi Masouda alisema kutoka ndani ya gari. Alikuwa ameinama, pua karibu na mlango. "Hewa hii inanifungua kifua. Tangu mwezi wa tatu sijalazwa hata siku moja. Mwanzo nlidhani ni dawa mpya."

Kisha akataka naye apimiwe. Fidel alimhamishia paipu upande wake, wa kulia, akapampu. Mshale ukapanda ukasimama hapo hapo.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna, mama."

"Nlitoka Unguja na miaka kumi na tisa, mdogo wangu mgongoni. Hata vumbi?"

"Hata vumbi."

"Basi," alisema, kama mtu aliyeambiwa dukani kuwa sukari imekwisha. "Labda wa kupumua kule hawakubaki."

Saeed alizunguka gari mara moja, akarudi na uamuzi. Alitaka injini izimike na milango ijifunge, lakini hewa ya mama isikatwe. Fidel alisema inawezekana. Alifanya kazi hiyo mpaka alasiri. Aliuziba kwa skrubu mrija wa mlango mbovu pale unapoungana na mingine, ili usiidhoofishe. Mlango huo akaufungia waya wa kuvuta kutoka mbele, ili ufungwe na dereva. Kisha akalichukua lile tundu la Kitale, akaliunga kwenye paipu mpya ya mpira, akaipitisha chini ya kiti na kuitokeza upande wa kulia, usawa wa uso wa Bi Masouda.

"Mimi nitamsikia?" aliuliza Maureen, aliyekuwa amechuchumaa kando yake akimshikia tochi.

Fidel alikaza klipu ya mwisho. "Ukiinama sana, labda. Paipu imeangalia kule."

"Sawa," Maureen alisema.

Saeed aligeuza ufunguo, injini ikazima. Alibonyeza kufuli, milango mitatu ikajifunga, akavuta waya, na wa nne ukafungika. Alimshukuru fundi kwa mikono miwili.

Walirudi mwezi wa kumi na moja, Idi imeshapita, kubadilisha oili. Saeed alikwenda msikitini kuswali, akawaacha mama na Maureen garini chini ya kivuli cha bati. Bi Masouda alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Alimwita Fidel dirishani.

"Mtoto amefunga shule," alimwarifu. "Mvua imezidi, mahindi yanaoza. Namweleza Maureen kila kitu, neno kwa neno, sikosi. Lakini lugha yao ya ndani siijui. Hebu nambie, fundi, *mayi* ndiyo nini? Kila jioni anaita, *mayi, mayi*, na anaitikiwa."

Fidel, ambaye ni Mbukusu na lugha hiyo ni ya kwao, alimtazama Maureen. Maureen alikuwa ameinamia mkoba wa dawa, akizipanga upya.

"Ni mama," Fidel alisema.

"Mama? Sasa anamwita nani?"

"Dada yangu, Bi," Maureen alijibu. "Anamwita dada yangu."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Masouda. "Basi ana wa kumtazama." Akaisogelea paipu, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia kifuani.