Maharagwe Yasiyochemka

Niseme mapema, nisionekane najificha: aliyemponza Mama Aurélie ni mimi, na nilimponza huku nikimtetea.

Nilikuwa mtu wa maabara katika zahanati moja ndogo huko kwenye vilima vya Mwese, magharibi ya Mpanda. Maabara yenyewe ilikuwa hadubini moja, meza moja na dirisha la kuniletea mwanga. Kutwa nilitafuta malaria kwenye damu na kifua kikuu kwenye makohozi. Lakini kwa kuwa nilivaa koti jeupe, watu waliniita daktari, na mimi, Erasmus, Mpimbwe kutoka kijiji cha Mamba mwenye vyeti viwili, sikuwahi kumsahihisha mtu. Kijiji karibu chote kilikuwa cha watu waliokimbia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Walinipokea vizuri. Walinilisha maharagwe mpaka mikanda yangu yote ikanibana.

Aliyepika maharagwe hayo kwenye kila harusi na kila msiba alikuwa Mama Aurélie. Jina lake mwenyewe ni Libérate. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimia. Binti yake Aurélie aliolewa mjini Mpanda, mtaa wa Majengo, na yeye akabaki na shamba lake na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Upishi wake ulikuwa na utaratibu. Aliloweka maharagwe mekundu usiku kucha, asubuhi akayachemsha kwa moto mkali mpaka povu likamwagikia kuni, kisha akapunguza moto na kuyaacha yaive taratibu. Saa hakuwa nayo. Akitaka kujua kama yameiva alichota harage moja kwa mwiko, akalibinya kati ya vidole viwili. Likipondeka, anapakua.

Januari ya mwaka tisini na nane, mvua ile ya El Nino ilikuwa bado inatupiga. Ilikuwa sikukuu ya kigango chetu, na padri alikwama njiani, kwa hiyo sherehe ya Jumamosi ikasogezwa hadi Jumapili. Maharagwe yalikuwa yameshalowekwa, yakakaa kwenye maji siku mbili. Kuni zote zililowa. Tangu alfajiri hadi adhuhuri Mama Aurélie alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria, anapuliza, macho yanamtoka machozi, na moto unafuka moshi tu. Sufuria ilipata joto. Haikuchemka. Watu walishatoka kanisani, njaa inawauma, watoto wanalia. Akachota harage moja, akalibinya, likapondeka vizuri. Akapakua.

Nami nilikula sahani moja. Saa mbili baadaye nilikuwa nyuma ya choo cha zahanati nikitapika mpaka nikaona nyota, na nilipoinuka nikakuta watu zaidi ya arobaini wamelala kwenye majani, wengine wanatapika, wengine wanaharisha. Kufika asubuhi karibu wote walikuwa wamepata nafuu. Mzee Onesphore hakupata nafuu. Alikuwa amepita miaka themanini na kifua kilimsumbua tangu zamani. Nesi wetu, Marsela, alimwekea dripu, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akakaa naye siku mbili. Jumanne akafa.

Baada ya mazishi, mtoto wake Anicet akasema hadharani kwamba baba yake amewekewa sumu. Ushahidi wake ulikuwa mmoja. Watu wote walipakuliwa mara moja, lakini baba yake alipakuliwa mara mbili. Hilo lilikuwa kweli. Mama Aurélie mwenyewe hakulikana. Mwaka ule wa kukimbia, mzee Onesphore ndiye aliyembeba Aurélie mgongoni, mtoto wa miezi mitano, baba wa mtoto akiwa na homa hawezi kusimama. Tangu siku hiyo, kila Mama Aurélie alipopika, mzee alipata sahani ya pili. Kijiji kizima kilijua. Lakini mtu akishaamua kuona sumu, hata heshima inageuka sumu. Wakaanza kumwita mchawi, kwanza kwa kunong'ona, halafu watoto wakawa wanaliimba neno hilo njiani. Anicet alitaka afukuzwe kijijini. Mkutano ukapangwa Jumamosi.

Mwenyekiti wa kijiji, Melkiadi, alikuwa mtu wa kupoza mambo. Alikuja maabara akafunga mlango, akaniambia jinsi atakavyolimaliza. Atasema mzee alikufa kwa kifua chake cha siku zote, atamwomba katekista asali, mama atatoa mbuzi wa kuwapa pole wafiwa, na mwisho wa mwezi watu watakuwa wanazungumzia mvua. Alinitaka nitikise kichwa tu pale atakaponitazama.

Nilikasirika. Leo naona aibu kusema ni kwa nini nilikasirika. Haikuwa kwa ajili ya yule mama. Ni kwa sababu mimi nilikuwa najua kilichotokea, na hakuna aliyeniuliza.

Nilikijua kutoka kwenye kitabu changu cha chuo, ukurasa mmoja ambao nilikuwa nimewahi kuukariri kwa ajili ya mtihani. Harage jekundu lina protini inayoitwa lektini. Mmea hauwezi kukimbia wala kurusha mkono, kwa hiyo mbegu imewekewa mlinzi wake ndani, wa kumwadhibu mdudu au mnyama atakayeitafuna. Kazi ya mlinzi huyo ni kushika sukari. Si sukari ya chai. Kila chembe ya mwili wetu imevaa sukari kwa nje, na lektini inazitambua na kuzing'ang'ania. Ikifika tumboni inashika kuta za utumbo, na mtu anatapika na kuharisha. Ikikutana na damu inazishika chembe za damu mbilimbili, tatutatu, mpaka zinakuwa mabonge. Ukiichemsha sawasawa inakufa, na harage linakuwa chakula. Ukiipa joto dogo tu haifi, na kitabu kilisema inaweza hata kuwa kali zaidi ya kwenye harage bichi. Harage kulainika si dalili kwamba mlinzi ameondoka.

Nilimweleza Melkiadi haya yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hapo ndipo nilipoamua kwamba maneno hayatoshi, nitawaonyesha kwa macho.

Marsela alinikuta Ijumaa nachuja maji ya maharagwe kwa kitambaa. Nilipomwambia ninachokusudia, aliweka chini beseni lake.

"Erasmus, mwachie Melkiadi," alisema. "Nyie mkishasoma mnadhani kila mtu anataka kujua. Wale wanataka kulala. Usiwaonyeshe watu damu."

Nikamjibu kwamba ujinga ndio unaowafukuza wajane vijijini. Nililiona ni jibu zuri sana.

Jumamosi meza yangu ikawekwa mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa na kigae cheupe na vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na maji ya maharagwe niliyoyapika kwa joto dogo, kama yalivyopikwa siku ile. Cha pili kilikuwa cha maharagwe yaleyale yaliyochemka kwa moto mkali saa nzima. Na ili mtu asije akasema nimebadilisha, maharagwe nilikuwa nimeyaomba kwa Mama Aurélie mwenyewe, kutoka gunia lilelile. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Alikuwa amekaa peke yake pembeni kwenye kigoda, kitenge kimefungwa kifuani, anatazama mbele bila wasiwasi. Nilipopita aliniuliza kwa ukali wake wa kawaida kama nimekula. Hakuonekana mtu anayeogopa.

Nikajichoma kidole, nikaichanganya damu na maji ya chumvi, nikaweka matone mawili kwenye kigae. Watu wakasogea. La kwanza nikalitilia maji ya maharagwe yaliyochemka, nikakitikisa kigae polepole. Damu ikabaki damu, laini, yenye rangi moja. Nikawaonyesha wa mbele, nao wakawaambia wa nyuma. La pili nikalitilia maji ya yale mengine. Haikupita dakika mbili. Damu ikakatika kama maziwa yaliyoharibika, ikawa chengachenga nyekundu zinazoelea kwenye maji meupe.

Kimya kikashika. Mimi, mjinga mwenye vyeti viwili, nikadhani ni kimya cha kuelewa.

Anicet akainama, akalitazama lile tone.

"Hayo maharagwe yametoka kwa nani?" aliuliza.

Nikasema yametoka kwa Mama Aurélie, lakini hilo si tatizo, tatizo ni moto. Sidhani kuna aliyesikia neno lolote baada ya lile jina. Mwanamke mmoja alijishika tumbo. Mwingine akavuta watoto wake nyuma. Nikapaza sauti kwamba maharagwe yote mekundu yako hivyo, ya kila nyumba, hata ya kwangu. Nileteeni kikombe kimoja kutoka jiko lolote niwaonyeshe sasa hivi. Nikamwomba Melkiadi, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Akatazama chini. Nikaomba kwa majina, mmoja baada ya mwingine, watu niliokula kwao. Nani alete maharagwe yake mwenyewe yatiwe kwenye damu mbele ya kijiji, halafu damu igande, halafu arudi nyumbani awapikie watoto? Hakuna aliyenyanyuka. Nikaishiwa majina.

Ndipo Mama Aurélie aliposimama na kuja mezani. Watu wakampisha kwa haraka. Alitazama kigae kwa muda mrefu, akasogeza uso karibu, jinsi alivyozoea kutazama ndani ya sufuria.

"Na hili ambalo damu ni nzima," alisema, "umechemsha tu?"

"Nimechemsha tu, mama. Saa nzima, moto mkali."

"Hukuweka dawa."

"Hakuna dawa. Ni moto."

Nikaona uso wake unabadilika, na nikaelewa anakokwenda kabla hajafika, na sikuwa na namna ya kumzuia.

"Sasa niambie kweli, mwanangu," alisema. "Siku ile ningengoja sufuria ichemke, mzee angekuwa hai?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema alikuwa na kifua, hakuna ajuaye, na hata hilo lisingekuwa uongo mtupu. Lakini nilikuwa nimekazana asubuhi nzima kutafuta mtu mmoja wa kunielewa, na huyu alikuwa amenielewa.

"Pengine angekuwa hai," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Anicet, akamwambia kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Ni mimi, mwanangu. Nilimpakulia mara mbili."

Nilipiga kelele nikieleza maana ya maneno yale mpaka sauti ikanikauka. Melkiadi aliandika kwenye daftari kwamba mtuhumiwa amekiri. Wakampa siku saba aondoke, na Marsela akaja kunifungia kidole.

Hakungoja siku saba. Jumatatu asubuhi nilimkuta njia ya kushukia Mpanda, amejitwika godoro na sufuria, anakwenda Majengo kwa Aurélie kwenye chumba kimoja. Nilimwomba nimbebee, akakataa. Nikamwambia nitakwenda wilayani, nitaandika barua, nitaleta mtu mkubwa kuliko mimi awaeleze kwamba yeye si mchawi.

"Hiyo ya mchawi haikunisumbua," alisema. "Walipokuwa wananiita mchawi nilikuwa nalala usingizi. Nilijua si kweli."

Akaweka mzigo sawa kichwani, akaendelea kushuka.