Uso wa Osayo

Denzo, msimamizi wa duka la picha, aliutua ubao wa mcheri wa kuchapia picha mbele ya Yahei mchongaji, wala hakungoja chai.

"Fundi, uchimbe uso huu, upachike mwingine. Siku hizi inayouzika ni sura ya yule msichana wa mkahawa wa Ueno. Mwili uache, maua yaache."

"Bwana Denzo, huyu ni marehemu binti yangu."

"Najua, Mzee, na sura yake iliuzika vizuri. Lakini mji huu wa Edo haumpendi mtu misimu miwili. Wewe umejifungia humu na patasi zako, utajuaje?"

Ubaoni Osayo alikuwa amepiga magoti, akipanga matawi ya mplamu katika chombo cha mwanzi, kama alivyozoea kujiburudisha. Mwaka mmoja baada ya ubao huo kuchongwa surua ilimchukua, na nakala pekee ya nyumbani wazazi wake wakaitia jenezani mwake.

"Basi niruhusu nichape karatasi moja kwanza."

"Chapa. Lakini kesho nautaka ubao wangu."

Denzo alipoondoka, Yahei aliupaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua. Mkewe, Omine, akajongea. Karatasi ilipobanduliwa, mikono ilikuwa imetoka, matawi yametoka, hata mikunjo ya kimono. Usoni palikuwa na mchirizi uliokatikakatika, basi. Mistari myembamba kama unywele, aliyoichonga kwa kubana pumzi, ilikuwa imelika kwa kuchapwa. Kila mnunuzi alikuwa ameondoka na chembe ya binti yake.

"Baba Osayo, mdomo uko wapi?"

"Umelika. Nitaurudishia kwa brashi."

Akachovya, akainua mkono; mkono ukakwama hewani.

"Ulikuwa karibu na pua, sivyo?"

"Karibu na pua? Huyo ni dada yako! Wa mwanangu ulikuwa chini kidogo."

"Mama Osayo, mimi ndiye niliyeuchonga."

"Na mimi ndiye niliyeulisha. Ulikuwa chini... Ngoja. Akicheka ndipo ulipokuwa ukishuka. Au ulipanda?"

Tone la wino likaanguka penye shavu. Wote wawili wakalitazama likienea.

Yahei aliiweka brashi chini, akatwaa patasi na nyundo.

"Chimba upesi," alisema Omine, "kabla hatujaanza kumzulia sura."

Vibanzi vikamrukia mapajani. Hakuvipangusa mpaka mumewe alipofika kwenye mti mtupu.