Rangi ya Kitunguu

MAELEKEZO KWA MGONJWA ALIYEREKEBISHWA MACHO KWA LEZA
(Bandika mahali panapoonekana.)

a) Usisugue macho.
b) Usitie maji machoni kwa siku saba.
c) Dawa ya matone: mara nne kwa siku, macho yote mawili.
d) Kwa wiki mbili usikaribie vumbi, mvuke, wala moshi wa

"Mbona imeishia hapo?" Siwema akauliza.

"Haijaishia, mama," nesi akamjibu. "Wewe ndiye uliyeacha kusikiliza. Ni moshi wa kuni, wa mkaa na wa kitu kingine chochote."

1.

Siwema Kombo ni mpishi wa shughuli, na wewe msomaji, kama umewahi kula harusi Tanga, pengine umeshauonja mkono wake. Miwani yake ilikuwa nzito kama kitako cha chupa, na kila alipofunua sufuria ilijaa mvuke. Kwenye maulidi ya mwaka jana iliteleza puani, ikazama, ikaja kuonekana kwenye sinia la imamu chini ya paja la mbuzi. Imamu aliifuta kwa leso yake, akairudisha jikoni pamoja na salamu. Tangu siku hiyo watu hawakumwacha apumue. Ndiyo maana akaenda kupigwa leza.

Alichosema daktari: "Utaanza kuona kesho yake."

Alichosikia Siwema: "Utaanza kupika kesho yake."

Harusi ya Hadia: siku ya kumi.

2.

Hadia ni mtoto wa dada yake Siwema. Dada huyo, kabla hajafa, aliomba jambo moja tu. Hakuomba dua ndefu wala kisomo. Alisema, "Pilau ya harusi ya mwanangu upike wewe, kwa mkono wako."

Siwema aliitika.

Basi habari ni hiyo, na hiyo ndiyo iliyomliza siku ya kwanza, na plastiki za kukinga macho zikiwa zimebandikwa usoni. Akampigia nesi simu kuuliza kama kulia kunaharibu.

"Kulia ruksa, mama. Kufuta ndiyo marufuku."

3.

KILICHOONEKANA

Siku ya kwanza:   u   k   u   n   g   u

Siku ya pili: taa, ina miiba.

Siku ya tatu: saa ya ukutani. Mishale ipo, namba hakuna.

Siku ya nne: namba.

Siku ya tano: utando wa buibui kwenye kona ya dari.

Siku ya sita: tando nane. Miaka yote hiyo alikuwa akijisifu kwa usafi.

Siku ya saba: uso wake mwenyewe kwenye kioo, bila miwani. Akaupenda. Akarudi kuutazama tena, kisha akaangalia mlangoni kama kuna aliyemwona.

4.

Waliokuja kutoa pole, na walichokuja nacho:

Jirani mwenye mtoto mchanga, na maziwa yake mwenyewe. "Matone mawili tu kila jicho, Mama. Bibi yangu alipona hivyohivyo." Akashukuriwa, akapewa chai.

Wamama sita wa kikundi cha maulidi, na swali moja mara sita: ulisikia maumivu?

Mzee Shekue wa nyumba ya nyuma, na chetezo cha ubani kinachofuka, cha kuondoa husuda. Huyu hakufika sebuleni. Alikutana na Tunu mlangoni.

Tunu ni dada wa mume wa Siwema, wifi yake. Miaka kumi na sita wanakwenda shughuli pamoja: Tunu anamenya vitunguu, Tunu anachambua mchele, Tunu anachochea kuni. Mwiko hashiki. Hakuna aliyewahi kumkataza. Siwema hajawahi kumpa tu.

"Babu, rudi nacho," Tunu alisema. "Macho ndiyo kwanza yametoka hospitali, na wewe unataka kuyafukiza kama nguo za Idi."

5.

SIMUNI, SIKU YA NANE

Siwema (kwa sauti): Daktari, habari za kazi. Naomba kuuliza, moshi wa kuni zilizokauka vizuri, ule mwepesi, nao ni moshi?

Daktari (kwa maandishi): Ni moshi.

Siwema: Na nikivaa miwani ya kuogelea?

(Saa mbili zikapita.)

Daktari: Mama Siwema, ngozi ya jicho lako bado inaota. Ukiliharibu, mimi sina lingine la kukupa.

Alimpa Tunu simu asome. Tunu alisoma mara mbili, akairudisha mezani. Hakuna aliyeutaja mwiko wa kupikia. Lakini kesho yake Siwema aliutoa kabatini, akaupangusa, akauweka juu ya kanga ya Tunu iliyokunjwa, kisha akaenda kulala mchana wote kwa hasira.

6.

Siku ya kumi. Siwema kwenye kiti cha plastiki, hatua kumi na tano kutoka kwenye mafiga. Upepo mgongoni. Miwani nyeusi. Sufuriani, Tunu na mwiko.

"Vitunguu vimeingia."

"Koroga."

"Nakoroga."

"Zungusha, usichape."

"Wifi, nakoroga."

"Hayo mafuta yanaruka."

"Yaache yaruke, hayaji huko. Sasa niambie vikifika rangi gani nitie thomu na tangawizi."

.

.

Rangi?

Hapo, msomaji, ndipo Siwema alipogundua kuwa hajui. Vitunguu vyake alivipika kwa pua na masikio, kwa sababu mbele ya macho kulikuwa na mvuke tu. Leo macho yanaona hata nzi aliyetua kwenye mfuniko, na upepo unaipeleka harufu yote kwa majirani.

Akasimama. Hatua moja.

Mbili.

Tatu.

"Kaa," Tunu alisema.

"Vitaungua. Nimemwahidi dada yangu."

"Kaa, Siwema." Hajawahi kumwita jina lake tupu, hata siku waliyogombana. "Rangi naijua mimi. Ni ya tende iliyoanza kukauka pembeni. Wewe ulikuwa unanusa, mimi nilikuwa natazama."

Akakaa.

Tunu akatia thomu.

7.

YALIYOSIKIKA MKEKANI

"Hii ya Siwema."

"Sasa ya nani mwingine?"

"Tena leo kaipatia zaidi."

Hilo *zaidi* lilimchoma. Tusidanganyane, lilimchoma hasa.

8.

Miaka ishirini amepika harusi, wala hajawahi kumwona vizuri bibi harusi hata mmoja. Mpishi huwa nyuma na masufuria. Leo alimwona Hadia kutoka upande wa pili wa ukumbi: maua ya piko yaliyochorwa mkononi mpaka kwenye kiwiko, na mdomo uleule wa marehemu dada yake, umejaa wali. Akafurahi.

Hadia alimpungia mkono asogee. Tunu alikuwa hapohapo na sinia, akitazama pembeni, kwa makusudi.

"Mama mdogo," Hadia alisema, "umetimiza. Umepika kwa mkono wako, kama mama alivyotaka."

Neno *ndiyo* lilikuwa jepesi, na Tunu asingelipinga. Siwema alijua hilo, na ndilo lililomshinda.

"Sikushika mwiko, mwanangu. Nilikaa kwenye kiti."

"Sasa mkono wako ulikuwa wapi?"

Siwema alinyoosha mkono, akaushika wa Tunu, unaonuka thomu mpaka kwenye bega, akauinua mbele ya bibi harusi.

"Ndio huu."

"Uachie, wifi," Tunu alisema. "Kuna masinia thelathini hayajapakuliwa, na watu wananingoja."