Ngazi Begani

Mwaka wa kumi na nane huu natafsiri filamu kwenye banda la video hapa Nzuguni. Wakorea, Wahindi, Wanigeria, wote wamelia kwa sauti yangu. Bila mimi, hao mnaowaona ni midomo tu inayochezacheza.

Jumapili mchana tuliweka filamu mpya ya vichekesho, ya Kihindi. Fundi rangi amebeba ngazi begani. Mtu akimwita, anageuka, na ngazi inamwangusha aliye nyuma yake. Akiitwa tena, anaangusha mwingine. Zaidi ya kuitwa huko, dakika kumi nzima hakuna anayesema neno.

Basi nikasema mimi. Nikawaeleza kwenye maiki kwamba mchezo huo umetolewa kwenye filamu za zamani zisizo na sauti, na kwamba wanacheka kitu wasichojua kilikotoka.

Bibi Zipora, aliyekuja kutoka Makutupora kumsalimia mwanawe, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akanigeukia.

"Mwanangu, nyamaza kidogo. Tunaona."

Nikazima maiki. Banda zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote, mpaka machozi yakamtoka. Hakuna aliyenikumbuka hadi filamu ikaisha.

Jioni nilirudi chumbani kwangu, nikapika ugali wa mtu mmoja. Kisha nikachukua ufagio wa mpini mrefu, nikauweka begani, nikajiita mwenyewe, "Batholomeo," nikageuka kwa kasi.

Ufagio ukazunguka chumba kizima. Haukumgonga mtu.